Jino Halina Kosa

Alisema ni jino.
Gego la chini, kushoto,
linauma tangu Jumatatu, tangu lifti ya kilima iharibike
na watu wa Cerro Larraín wakarudi kwenye ngazi.
Nikaligonga kwa mpini wa kioo: kimya.
Nikalipulizia hewa baridi: kimya.
Picha ikatoka safi, mizizi imesimama wima
kama watoto kwenye gwaride.
"Doña Eduvigis, jino halina kosa."
"Basi ng'oa la jirani yake," akasema,
"nimefunga duka kwa saa moja tu."

Hushona sare za shule. Februari ilikuwa inakwisha,
sketi arobaini za bluu zinangoja pindo.
Kiganja chake kililishika taya
namna mtu anavyoushika mlango unaosukumwa na upepo.

Linauma ukitafuna?
"Hapana. Mkate nakula vizuri."
Ukinywa baridi?
"Hapana."
Basi linauma lini?
Akafikiri. Akatazama dirishani, bandari kule chini, makontena.
"Kwenye ngazi. Nikifika kwa yule mbwa wa kahawia
linaanza. Nikikaa naye kidogo linaniacha.
Leo nimekaa naye sana.
Halikuniacha."

Jino gani linalohesabu ngazi?

Nikavua miwani ya kazi, nikamtazama upya.
Nilikuwa nimeona mdomo tu.
Jasho juu ya mdomo, feni inazunguka, na ngozi yake baridi.
Weupe wa unga umeingia usoni.
Kichefuchefu? "Kidogo, ni yale mayai ya asubuhi."
Mgongo? "Hapa kati ya mabega,
kama mtu kasahau pasi."
Na uchovu, wiki mbili sasa, hata kukata uzi
anakaa kwanza.

Mama yangu alisema ni gesi.
Tukamchemshia majani ya boldo,
tukamsugua tumbo, tukamwongeza mto wa pili.
Hakushika kifua. Sisi tulikuwa tunangoja ashike kifua,
kama kwenye filamu, glasi idondoke, mtu apige kelele.
Alikunywa nusu kikombe
akaomba radhi kwa usumbufu.

Nilipotamka moyo, doña Eduvigis alicheka.
"Moyo? Huo haujawahi kunisumbua.
Nimezika waume wawili, nikapiga moyo konde."
Ndiyo, mama. Na makonde hayo yote,
uliyahesabu?

Sauti ya simu iliuliza mambo mafupi mafupi.
Aspirini inamdhuru? Ana vidonda vya tumbo? Hapana, hapana.
Basi atafune, asimeze nzima, akae, asitembee hata hatua moja.
Akatafuna upande wa kulia,
ili, alisema, kulinda jino.

Gari la wagonjwa haliwezi kupanda ngazi.
Lilisimama chini, likilia,
nasi tukamteremsha kwenye kiti cha wanaosubiri zamu:
wahudumu wawili, kijana wa duka la rangi,
na fundi wa lifti, ameinamisha kichwa
kana kwamba kosa lote ni lake.
Ngazi mia moja sitini na mbili.
Mimi nilibeba mkoba wake. Aliniagiza sketi, pindo la vidole vitatu,
akaniagiza ufunguo wa duka.
Mbwa wa kahawia alitufuata hadi barabarani,
akakaa, kama alivyozoea kukaa naye.

Fomu yangu sasa ina swali nililoongeza kwa kalamu,
mwandiko mbaya, chini ya lile la baridi na moto:
*huanza ukipanda, huisha ukipumzika?*
Wagonjwa wengi hudhani nimekosea.

Aprili akaja, mwembamba, na vidonge vyake kwenye kopo la vifungo.
Alikuja kulipa, akasema, na pia
kuna jingine, la kulia, usiku haliniachi nilale.
Nikaligonga.
Akaruka, akanitukana, akanitukania na mwalimu wangu.
Mungu anisamehe, nilifurahi
kusikia jino likilia
kama jino.